Bondo sio la kuuza tu: samaki anavyosikia

(Hii ndiyo ile hotuba ya Jumamosi pale mwaloni, nimeiandika kama nilivyoongea kwa ajili yenu mliokuwa ziwani na mliokuwa msibani. Picha nimeziacha, na kusema kweli hata siku yenyewe hazikuonekana, jua lilikuwa linapiga ukuta mzima.)

Shikamooni wazee wangu. Kina mama hamjambo? Vijana, mambo? Haya.

Mimi mnanifahamu, asubuhi nafundisha baiolojia, jioni nipo kwenye mabwawa yangu ya kambare nanuka kambare. Leo sijaja kuongelea chakula cha samaki wala bei, nimekuja kwa sababu ya ubishi. Wiki mbili zilizopita nimekaa kwa mama ntilie nakula zangu, meza ya pili kuna watu wazima wawili, siwataji, ila naona mnacheka kwa hiyo mnawajua, wanabishana mpaka chai imepoa. Mmoja anasema mtumbwini hakuna kuongea, ukiongea samaki wanakusikia wanahama. Mwenzake anasema acha uongo bana, samaki ana masikio wapi, umewahi kuona sikio la sato wewe? Basi nikaitwa niamue, "mwalimu sema wewe". Nikawaambia nipeni muda nitajibu mbele za watu. Ndio leo sasa. Na jibu langu mtalichukia wote wawili, maana wote mmekosea.

Tuanze na huyu wa "masikio wapi". Hivi kuna mtu hapa hajawahi kula kichwa cha samaki akauma kitu kigumu, akadhani ni mchanga, akamlaumu aliyepika? Mama yangu alilaumiwa sana kwa hilo na alikuwa hana kosa. Jana usiku nimepasua kichwa cha sato mezani kwangu, sato wa kawaida tu wa sahani moja, nikakivunja kwa nyuma ya kisu, nikatoa ubongo taratibu, wenyewe ni mdogo na mlaini kama mtindi, na chini yake, kulia na kushoto, nikakuta hivi hapa. Vijiwe viwili. Vyeupe, bapa, kila kimoja kama punje ya mchele iliyokanyagwa, upande mmoja una kamfereji. Navipitisha, anza nawe babu, shika kwenye kiganja, usipulize. Vipo 6 kwa jumla, 3 kila upande, ila hivyo viwili ndio vikubwa, vingine ukivitafuta kwa macho ya umri wangu unaweza kulia.

Hilo ndio sikio. Samaki hana tundu la sikio kwa sababu halihitaji. Sauti ya hewani ikikupiga wewe, sehemu kubwa inadunda kwenye ngozi, ndio maana unahitaji tundu na ngoma ya sikio. Lakini samaki mwili wake ni karibu sawa na maji yenyewe, sauti ikija majini haidundi, inapita ndani yake kama hayupo, na mwili mzima unatikisika pamoja na maji. Isipokuwa kile kijiwe. Kijiwe kina uzito wa karibu mara tatu ya maji ya ujazo huohuo, kwa hiyo mwili ukitikisika chenyewe kinachelewa. Mmeshabeba gunia kwenye bodaboda? Boda ikiondoka kwa fujo gunia linabaki nyuma kidogo, si ndio? Basi hivyo hivyo. Chini ya kijiwe kuna seli zenye vinywele, kijiwe kikichelewa vinywele vinapinda, na kule kupinda ndio kusikia. Seli inapeleka habari kwenye neva ya 8, neva ambayo hata wewe unayo na inafanya kazi hiyohiyo, kisha habari inaingia ubongoni.

(Hapa mzee mmoja aliuliza kama hivyo vijiwe ndivyo watu wa utafiti wanavyovitumia kujua umri wa samaki. Ndio mzee, ni hivyo hivyo, kinakatwa kinasomwa mistari kama gogo la mti, na tangu 1971 Giorgio Pannella alipoandika habari zake inajulikana kuna mistari hata ya siku mojamoja. Samaki anatembea na shajara kichwani.)

Kwa hiyo wewe uliyesema samaki hana sikio, pole, anayo mawili.

Sasa tuje kwenye bondo, ule mfuko wa hewa tumboni mwa samaki. Nikisema bondo hapa Mwanza kila mtu anawaza sangara na anawaza hela, wachina, kilo shilingi ngapi, sitaki kuingia huko tutagombana. Kwa sangara kazi kubwa ya bondo ni kumwezesha kuelea bila kuhangaika. Lakini bondo ni mfuko wa hewa, na hewa majini ina tabia moja, sauti ikipita inaubana na kuuachia, inaubana inauachia, kwa hiyo lile bondo linapiga kama ngoma ndani ya tumbo la samaki. Swali ni nani anaisikiliza hiyo ngoma? Sato anayo bondo lakini halijaungwa na sikio, kwa hiyo yeye anapata zile sauti nzito nzito tu. Kambare ni habari nyingine. Mwaka 1820 Mjerumani anaitwa Ernst Heinrich Weber alichora mlolongo wa vimifupa vidogo sana vinavyotoka kwenye bondo mpaka kwenye sikio, vimefuatana kama watu wanapokezana matofali kwenye ujenzi. Bondo likipiga, kimifupa kinamsukuma mwenzake, mwenzake anamsukuma mwenzake, habari inafika sikioni. Kambare wetu bondo lake ni dogo, limejificha ndani ya mfupa nyuma ya kichwa, ukipasua ovyo hulioni, ila lipo na limeungwa, na anapata sauti nyembamba ambazo sato hazimfikii kabisa.

Na dagaa? Hapa ndio pananifurahisha. Dagaa wa hapa Victoria ni ndugu wa mbali wa kambare kwa mambo haya, naye anavyo vimifupa vya Weber. Dagaa wa Kigoma, yule mnayemsifia kwamba ni mtamu kuliko wetu (sio kweli), sio ndugu yake hata kidogo, ni wa ukoo wa wale samaki wadogo wa baharini wanaoitwa simu, hana vimifupa, yeye bondo lake limetoa vimirija vya hewa vinavyoingia mpaka ndani ya fuvu kugusa sikio moja kwa moja. Tunawaita jina moja, tunawaanika kwenye mchanga uleule, tunawakaanga na nyanya zilezile, na masikio yao yamejengwa na mafundi wawili tofauti.

Sasa kuna watu wasomi kabisa waliokataa haya yote. Mwanzoni mwa karne iliyopita huko Ujerumani kulikuwa na daktari wa masikio, Otto Körner, aliyejaribu samaki kwa sauti mbalimbali, samaki hawakushtuka, akaandika kwamba ni viziwi. Karl von Frisch, yule aliyekuja kupewa Nobel 1973, akasema hapana, samaki hakushtuka kwa sababu sauti yako haimhusu. Akachukua kambare mdogo mmoja asiyeona, akamwekea bomba la udongo la kujificha ndani ya tangi, kila akitaka kumlisha anapiga mluzi kwanza halafu anampa nyama kwenye kijiti. Baada ya siku chache mluzi peke yake ulitosha, kambare anatoka kwenye bomba kutafuta chakula, hajaona kitu, hajanusa kitu. Akayaandika mwaka 1923, na kichwa cha habari kwa Kijerumani ni kambare anayekuja ukimpigia mluzi. Wenzangu wafugaji hapo naona mnatabasamu, maana mnajua. Mimi kwangu nikigusa tu mpini wa ndoo ile ya bati maji yanachemka. Nikibeba ndoo ya plastiki, kimya. Lakini ona hapo: Körner alipima masikio, mwenzake akapima ubongo. Sikio linapokea kila kitu, ubongo ndio unaamua hii inanihusu na hii hainihusu.

Haya, ubongo. Nisikilizeni hapa kwa makini kidogo maana ndio sehemu niliyokaa nayo usiku mzima.

Wewe ukisikia mtu anakuita sokoni, unajuaje ugeukie wapi? Sauti ikitoka kushoto inafika sikio la kushoto kwanza, la kulia baadaye kidogo, kidogo sana, ubongo unapiga hesabu ya hiyo tofauti unageuka. Hewani sauti inakwenda mita 340 hivi kwa sekunde, kichwa chako ni kipana, hesabu inawezekana. Majini sauti inakwenda mita 1500 kwa sekunde. Wale mnaozamia mnajua, ukiwa chini ukasikia injini huwezi kusema ipo upande gani, inakuwa kama ipo ndani ya kichwa chako, na watu wamegongwa na boti kwa sababu hiyo. Sasa mchukue dagaa, masikio yake yote mawili yanaenea kwenye ukucha wako, ile tofauti ya muda haipo, ni kama hakuna. Kwa hesabu zetu sisi asingeweza kujua sauti imetoka wapi. Na anajua.

Anajuaje?

Umepanda daladala imejaa, upo katikati umesimama, fumba macho. Unahisi unasogezwa mbele, nyuma, mbele, nyuma. Unajua mstari wa msukumo, ni mbele na nyuma, sio kulia na kushoto. Lakini anayesukuma yupo upande gani? Hujui, maana anayekusukuma kutoka nyuma na anayekusukuma kutoka mbele wote wanakupeleka mbele na nyuma. Ongeza kitu kimoja sasa, kifua chako kinabanwa. Ukibanwa muda uleule unapokwenda mbele, anayesukuma yupo nyuma yako. Ukibanwa muda unaporudi nyuma, anayesukuma yupo mbele. Mmeipata? Kijiwe kinasikia kusogea. Bondo linasikia kubanwa. Ubongo unaweka vyote viwili mezani, unalinganisha, unapata upande.

Hili wazo sio langu jamani, Mholanzi Schuijf alilipendekeza miaka ya 1970, ila kulithibitisha ikawa shughuli, maana ukipiga spika ndani ya tangi sauti inadunda kwenye kuta inarudi inachanganyika, hujui tena samaki amesikia nini. Mpaka 2024, timu ya Benjamin Judkewitz pale hospitali ya Charité, Berlin, ikatumia samaki mmoja wa vijito vya Myanmar anaitwa Danionella cerebrum. Mtu mzima wa huyu samaki ana milimita 12 tu. Mwili unapitisha mwanga kama nailoni, na juu ya ubongo hana mfupa wa fuvu, unauona ubongo wake unafanya kazi bila kumgusa. Wakamzungushia spika, wakapiga sauti ya kushtua. Akaruka kuikimbia spika, kama ilivyotegemewa. Halafu wakafanya ujanja, wakapanga spika zote mpaka kule kusogea kwa maji kukabaki vilevile lakini kubanwa kukageuzwa, pale palipotakiwa kubana pakaachia. Unajua samaki akafanya nini? Akaruka kuielekea spika. Yaani alikimbilia hatari akiamini anaikimbia, kwa sababu hesabu ilikuwa sahihi ila namba alizopewa zilikuwa za uongo. Hapo Schuijf akapewa haki yake, karibu miaka 50 baadaye.

Na huyu mdogo mnayemuona mpole, dume lake linagonga bondo lake kwa kigegedu kama fimbo na ngoma, sauti ukiipima karibu kabisa na mwili wake inapita desibeli 140. Milimita 12! Kuna watu hapa wana mita moja na sabini na mkutanoni hawasikiki.

Sasa kuruka kwenyewe. Nani anaamua kuruka? Kwenye ubongo wa nyuma wa samaki kuna seli mbili kubwa ajabu, moja kushoto moja kulia, zinaitwa seli za Mauthner, kwa jina la daktari aliyezieleza mwaka 1859. Mkia wa hiyo seli unavuka kwenda upande wa pili na kushuka mwili mzima mpaka mkiani. Kishindo kikitokea kushoto, seli ya kushoto inawaka mara moja tu, misuli yote ya upande wa kulia inajikunja, samaki anapinda kama herufi C kichwa kikiwa kimeshageukia kulia, na muda huohuo seli ya pili inazimwa ili mwili usipokee amri mbili. Kutoka kishindo mpaka mwili kuanza kupinda ni chini ya sehemu 10 za elfu moja ya sekunde. Wewe hujaanza hata kupepesa. Hapo hakuna kufikiri, hakuna kikao.

Na kitu kisicho na kikao kinachezewa. Kusini mashariki mwa Asia kuna nyoka wa majini mwenye vinyama viwili kama sharubu puani, anakaa majini ametulia amejikunja kama ndoana, kichwa huku, mwili kule, anasubiri samaki aingie katikati. Kenneth Catania, mtafiti wa Marekani, alimpiga picha za kasi mwaka 2009 akaona kitu cha kutisha. Nyoka kabla ya kushambulia anatikisa mwili kidogo, upande ule usio na kichwa. Samaki anasikia hatari inatoka upande wa mwili, seli inawaka, anageuka kukimbia upande wa pili, na upande wa pili kuna nini? Mdomo. Mara nyingine samaki anajipeleka mwenyewe mpaka ndani. Nyoka hamfukuzi samaki, anafukuza ile seli.

Naona vijana wawili kule nyuma wanaangaliana. Ndio, mnawaza katuli, ule uvuvi wa kupiga maji samaki wakimbilie wavuni. Katuli imekatazwa na mimi sijaja kufundisha uvuvi haramu, mwenyekiti andika hilo. Lakini babu zetu waliopiga maji upande mmoja wavu ukiwa upande wa pili walikuwa wamegundua jambo lilelile la nyoka, hawakuwa na jina la Mauthner tu.

Sehemu nyingine ya habari haikimbilii kwenye mkia, inapanda. Inatoka ubongo wa nyuma inakwenda ubongo wa kati, kuna kituo pale kinaitwa torasi semisirkularisi, naomba msiniulize tena hilo jina, pale sauti zinachambuliwa, ipi nzito, ipi ya mapigo ya haraka, ipi ya taratibu, halafu zinapanda mbele zaidi kwenye kujifunza na kukumbuka. Mtafiti Ava Chase mwaka 2001 alifundisha samaki wa mapambo wanaoitwa kapu kutofautisha bluzi na muziki wa kizungu wa kale, John Lee Hooker upande mmoja, Bach upande mwingine, na wakaweza hata kwa nyimbo wasizozisikia kabla. Samaki hawa. Nina mdogo wangu hawezi kutofautisha taarabu na kwaya.

Na huo usikivu sio wa siku zote sawa, nao una msimu. Hapa hapa kwetu, kwenye visiwa vya mawe vya ghuba yetu hii, kuna furu mwekundu mgongoni, wataalamu walimpa jina la Mwalimu mwaka 1985, leo anaitwa Pundamilia nyererei. Dume anapotongoza anatoa mapigo ya sauti nzito, na utafiti wa 2010 ulionyesha sauti hizo zinachangia jike kuchagua. Kule Tanganyika yupo furu mwingine, burtoni, jike aliyejaa mayai tayari kutaga anasikia vizuri kuliko aliyebeba watoto mdomoni. Kina mama mnacheka nini? Sijasema kitu mimi.

California wapo samaki ambao dume wao usiku wananguruma kwa pamoja kama jenereta la mbali. Miaka ya 1980 watu wa Sausalito waliokuwa wanaishi kwenye nyumba zinazoelea walishindwa kulala, wakashuku pampu za maji taka, wakashuku jeshi, kumbe ni samaki chini ya sakafu yao. Timu ya mtafiti Andrew Bass wakakuta kwamba jike wa samaki hao nje ya msimu hasikii vizuri zile sauti nyembamba zilizomo kwenye nguruma ya dume. Msimu ukifika homoni zinapanda, sikio lenyewe linabadilika, sasa anazipata. Na dume anaponguruma, ubongo wake unatuma neno sikioni kwamba hii kelele ni yetu. Asingefanya hivyo angejiziba masikio mwenyewe.

Jambo moja nalipita haraka maana naona wali unaletwa. Seli zenye vinywele zikifa kwa kelele, wewe na mimi ndio basi, hazioti tena, muulize fundi wa mashine ya kusaga. Samaki zake zinaota upya. Lakini kuota kunachukua siku, na siku hizo anakuwa mgumu wa kusikia. Mwaka juzi niliwekewa pampu mpya, fundi akaifunga kwa bolti kwenye ukuta wa bwawa la zege, wiki nzima kambare hawaji kwenye ndoo. Nikaifungua nikaikalisha juu ya tairi bovu, baada ya siku kadhaa wakaanza kuja. Sikupima kitu, sina kifaa, nawaambia nilichoona tu.

Haya, ubishi wetu. Wewe uliyesema mtumbwini hakuna kuongea. Sauti ya hewani ikifika kwenye uso wa maji karibu yote inarudi juu, kinachoingia ni kama sehemu moja kwa elfu. Kwa hiyo ongeeni, imbeni, bishaneni kuhusu Simba na Yanga, kinachomfikia samaki ni kidogo sana, na sio mluzi wa chakula, hakimhusu. Lakini kasia likigonga ubao, ndoo ikiburuzwa, kijana akiruka kutoka mbele kwenda nyuma kwa visigino, ubao umegusa maji na maji yamegusa kijiwe. Waambieni vijana waongee wanavyotaka, ila wavue viatu.

Nimemaliza, wali usipoe. Ila vile vijiwe naomba virudi hapa mbele. Nilitoa viwili. Naona kimoja. Babu, fungua kiganja.